Mti wa Sheha

Nyumba ya Suhail, pale Madungu kisiwani Pemba, ilikuwa na watu watatu na samaki wachache wa kufugwa, na aliyeheshimiwa kuliko wote hao alikuwa samaki mmoja mweusi aitwaye Sheha. Uzuri hakuwa nao. Ngozi yake ilikuwa ngumu kama kucha, macho madogo, na mdomo wake ulikaa chini ya kichwa, wa kunyonyea. Kutwa alijibandika kwenye kioo au kwenye gogo lake, hatikisiki, anaangalia nani kaingia na nani katoka. Ndiyo maana Bi Ghaliya alimpa jina hilo la mkuu wa mtaa. Sheha wa kweli wa mtaa alipopata habari alicheka, ila alichukua muda kidogo kabla ya kucheka.

Bi Ghaliya alikuwa mke wa Suhail. Alifariki miaka mitatu nyuma, akaacha binti mmoja, Widad, na lile tangi la kioo la samaki wa maji baridi alilolijenga mwenyewe ukumbini, changarawe kwa changarawe. Samaki aliwaagiza kutoka Dar es Salaam, wakija ndani ya mifuko ya plastiki iliyojaa hewa. Alipokufa, Widad alilichukua tangi likawa lake. Alibadilisha maji, alisafisha pampu, aliwalisha asubuhi na jioni, na hapana aliyethubutu kumsaidia.

Maryamu aliolewa na Suhail mwaka jana. Kwao ni Chokocho, wavuvi mwana kwa baba, watu ambao kwao samaki akiingia ndani ya nyumba huwa keshakufa. Kwanza alipoliona lile tangi aliuliza huyu mweusi analiwa vipi, kisha akajiuma ulimi. Widad, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tano, alimjibu kwa upole kwamba huyu haliwi, Bi Maryamu.

Na upole huo ndio uliokuwa mzigo. Widad hakumfanyia ubaya hata siku moja. "Shikamoo, Bi Maryamu." "Ahsante, Bi Maryamu." "Chakula kizuri, nimeshiba, Bi Maryamu." Adabu yake ilinyooka kama kanzu iliyotoka kwenye pasi, na Maryamu hakuona pa kuishika. Kwao Chokocho mtu akikupenda hukusema usoni. Mama yake alimwita mwehu kutoka asubuhi hadi jioni, dada zake walimwambia mchuzi wake unafaa kuoshea miguu, na siku wakinyamaza ujue kuna jambo. Hapa Madungu hakuna aliyemwita mwehu. Mwaka mzima umepita na bado anaambiwa ahsante, kama mgeni anayengojewa aage.

Suhail hakuliona hilo. Alikuwa mtu mwema, mwajiriwa wa serikali, na mradi nyumbani hakuna makelele alihesabu kuna amani.

Sasa kulikuwa na jambo la Unguja. Mama mdogo wa Widad, Bi Shadya, alitaka mtoto akakae kwake, asome huko. Suhail alisema Widad ataamua mwenyewe shule zikifungwa. Maryamu alimsikia mtoto siku moja akizungumza kwenye simu, mlango wazi: "Nataka kuja, mama mdogo, lakini samaki wa mama nitamwachia nani? Sheha angekuwa hayupo, ningekuja."

Maryamu alirudi jikoni akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila ya nazi mkononi. Yeye hakujaaliwa kuzaa, na ndoa yake ya mwanzo ilivunjikia hapo. Hakuolewa na Suhail ili apate mtoto wa bure, lakini kumpenda Widad alimpenda, hajui ilianza lini. Pengine siku alipomwona kalala ukumbini sakafuni, kitabu usoni, mkono umegusa kioo cha tangi. Mtoto akiondoka atarudi sikukuu, atasema shikamoo, atakula, atashiba, ataondoka. Na sasa kumbe kinachomshikilia ndani ya nyumba hii si baba wala mama wa kambo, ni samaki mwenye mdomo chini ya kichwa.

Na samaki huyo alikuwa anakonda.

Tumbo lilikuwa limeingia ndani. Widad ndiye aliyeeleza, alipoulizwa: samaki wa aina ya Sheha hukwangua mti na kuumeza, na bila ya mti tumbo halimwendi sawa. Gogo alilowekewa na Bi Ghaliya lilikuwa limeoza, likawa linamomonyoka kama biskuti kwenye chai, mpaka Widad akalitoa lote. Dukani Chake Chake hakuna kitu kama hicho. "Anataka mti mwengine," alisema. "Lakini usijisumbue, Bi Maryamu."

Hilo neno usijisumbue halikumpa Maryamu usingizi. Asubuhi alimuaga mumewe akaenda kwao.

Bi Mwanapili, mama yake, alisikiliza habari yote mikono kiunoni.

"Yaani watoka Chake kuja kumtafutia samaki kuni?"

"Si kuni, mama. Mti wa kukaa ndani ya maji."

"Samaki mie nimewala tangu sijaota meno. Sijapata kumtandikia mmoja kitanda."

Lakini alijifunga kanga ya pili akafuatana naye. Maji yalikuwa yametoka, na kwenye ukingo wa mikoko bahari ilikuwa imetupa miti ya kila namna. Maryamu alichagua kama mtu anayechagua mchumba. Kipande cha mnazi alikiacha, maana mnazi ukilowa hugeuka nyuzi. Tawi la mwembe lilikuwa na umbo zuri, lakini alilikandamiza kwa kidole gumba likabonyea. Mvinje ulikuwa bado na utomvu unaonata. Mwengine ulikuwa mgumu na mzuri, ila umetobolewa na wadudu wa bahari tundu kwa tundu, na ndani ya kila tundu kuna kilichofia humo.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema Bi Mwanapili, jua limeshamwingia.

"Nakuja, mama."

"Hivyo hata baba'ako hukumchagulia sanda namna hiyo."

Mwisho aliuona. Ulikuwa mzizi wa mkoko uliokufa zamani, bahari imeumenya ganda lote, umebaki rangi ya kijivu. Ulikuwa na miguu mitatu iliyopinda, na chini ya miguu hiyo palikuwa na kivuli ambamo samaki wa makamo angeweza kujificha na mambo ya watu. Alitia ukucha, haukuingia. Aligonga, ukalia. Hakuukata kwa mtu wala kwa mti ulio hai. Ulikuwa umelala tu, unangoja wa kuuchukua.

Kazi ya pili ilikuwa kuutoa chumvi. Mti uliokunywa bahari haufai kwa samaki wa maji baridi. Chumvi itatoka kidogo kidogo na kuwaunguza. Waliukwangua kwa kisu na kifuu, wakang'oa chaza wadogo walioganda, wakauzamisha ndani ya hodhi la maji ya kisima nyuma ya nyumba, jiwe juu yake kwa sababu ulikuwa unaelea. Bi Mwanapili aliachiwa kuubadilishia maji, naye alipiga simu karibu kila siku kulalamika. "Mgonjwa wako kaoga. Maji kayageuza mekundu kama chai ya rangi. Wataka nimpake na hina?"

Maryamu alipokuja mara ya pili aliutoa mti kwenye maji, akauacha ukauke kidogo, kisha akaulamba. Bado chumvi. Mara ya tatu aliulamba tena, na safari hiyo ulimi ulipata ladha ya mti tu. Basi kilichobaki ilikuwa kuuchemsha, kife kila kilichomo, na mti upate uzito wa kuzama.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu hakujua.

Mzizi ule haukuenea kwenye sufuria yoyote ya pale nyumbani. Kilichokuwapo ni pipa la kikundi. Bi Mwanapili na wenzake walikuwa na kikundi cha kutengeneza sabuni, na humo ndani ya pipa walichemshia majani ya karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kutoa mafuta ya kunukishia. Siku hiyo walikuwa wamemaliza, makonyo wameshayatoa, na pipa bado lilikuwa na maji ya moto hadi nusu. Kisima kiko mbali na Bi Mwanapili si mtu wa kumwaga maji yaliyokwisha kupata moto. Aliutumbukiza mti humohumo, akaongeza kuni.

Maryamu alichungulia pipani, akaona maji ya rangi nyekundu ya kahawia, akaridhika. Alidhani ni rangi ya mkoko inayotoka. Na harufu? Nani Chokocho anasikia harufu ya karafuu? Ilikuwa msimu, majamvi yalikuwa yametandikwa mbele ya kila nyumba, karafuu zimeanikwa mpaka kando ya barabara, nguo zinanuka karafuu, wali unanuka karafuu, hata mtoto mchanga ukimbusu utosini ananuka karafuu. Mtu wa huku haisikii tena, kama asivyosikia pumzi zake mwenyewe. Mti ulichemka kuanzia adhuhuri mpaka karibu na alasiri, ukanywa ukashiba, na ulipotolewa ulizama kama jiwe.

Kesho yake Widad alipokwenda shule, Maryamu aliupanga mti ndani ya tangi. Alitaka iwe ajabu ya kumfurahisha. Aliinama, akauzungusha mpaka miguu mitatu ikakaa vizuri kwenye changarawe, na Sheha hakungoja hata kidogo, aliiacha kona yake akaja akajibandika juu ya mguu wa kati na kuanza kukwangua. Maryamu alicheka peke yake ukumbini. Akaenda zake kupika pweza.

Adhuhuri aliporudi kuangalia, samaki wadogo walikuwa wamelala ubavu. Wengine wanaelea, wengine wako chini, na mapezi yao yanachezea mkondo wa pampu kama matambara. Sheha alikuwa chali juu ya changarawe, tumbo jeupe juu, mdomo wazi.

Maryamu aliinamia tangi. Ng'ombe wa maskini hazai, aliwaza, na akizaa hufa. Aligonga kioo. Aligonga tena. Alikuwa bado anagonga mlango ulipofunguliwa na Widad akaingia, mkoba begani, shikamoo mdomoni.

Shikamoo haikutoka. Mtoto aliangalia tangi, akaangalia mti, akaangalia mtu.

"Mama!" alilia.

Maryamu alijua si yeye anayeitwa.

Kisha Widad alitupa mkoba. "Umewatia nini? We mama, umewatia nini samaki wangu?"

"Mti, mwanangu. Mti tu, wallahi. Nimeutoa chumvi, nimeuchemsha—"

"Mti gani unaua?"

Maryamu alitia mkono hadi kwenye bega, akaung'oa mti kutoka ndani, maji yakamwagika kwenye zulia. Kama ni chumvi atajua. Aliulamba. Chumvi hapana. Aliulamba tena, akaubana ulimi kwenye bonde la mzizi, na pale pale ncha ya ulimi ikaanza kuchoma, kisha ikafa. Hausikii. Aliung'ata ulimi wake kidogo kwa meno, hausikii. Hali hiyo aliijua tangu utotoni. Jino likikuuma usiku mama hukutia karafuu kwenye tundu, ukalala.

"Kalafuu," alisema, ulimi mzito. "Pipa la makonyo. Yalabi, nimewatia kalafuu."

Widad aliukwapua mti akaunusa. "Unanuka mpaka sebuleni! Huna pua?"

"Sina," alisema Maryamu, na ilikuwa kweli. "Lakini sikiliza. Kalafuu haiui jino, hulitia ganzi. Hawa wamelala. Mwangalie huyu, shavu lapanda."

Widad aliinama. Chini ya kichwa cha samaki mmoja mdogo mwekundu kitu kilifunguka, kikajifunga. Kikakaa kimya muda mrefu. Kikafunguka.

Mtoto alikuwa amekwisha kukimbia. Nyuma ya nyumba alikuwa na ndoo za maji ya mvua aliyoyaweka ya kubadilishia, na walizibeba mbili mbili wakazipanga ukumbini. Widad aliwatoa samaki kwa wavu mdogo, mmoja mmoja. Machozi yalimtoka lakini hakuna samaki aliyemwangusha. Maryamu aliona vile akajua marehemu Bi Ghaliya alikuwa mtu wa namna gani.

"Usimwache akae tu," Maryamu alimwambia. "Mshike, umsukume mbele. Mbele tu, usimrudishe nyuma. Maji yaingie kinywani yatokee mashavuni. Ndivyo baba alivyokuwa akimfanya chewa akitaka kumfikisha hai."

Walipiga magoti pande mbili za ndoo kubwa. Widad alimshika Sheha kwa mikono miwili, akawa anamzungusha polepole, na Maryamu akawasukuma wadogo kwa vidole. Pweza aliungua jikoni na hakuna aliyesimama. Yule mdogo mwekundu alikuwa wa kwanza. Alitikisa mkia, akapinda, akasimama wima, akenda zake pembeni ya ndoo kama mtu aliyeamshwa bila salamu. Akafuata mwengine, na mwengine. Wawili hawakurudi. Maryamu aliwaweka kwenye kisahani, akawafunika kwa jani la mgomba.

Sheha bado.

"Yeye ndiye aliyekwangua," alisema Maryamu. "Kala nyingi."

Widad alimzungusha samaki wake, akamzungusha. Maryamu aliona hawezi tena kunyamaza.

"Nikwambie kitu, mwanangu. Mti uno sikuutafuta kwa ajili ya Sheha. Sheha mie sina habari naye. Niliutafuta kwa ajili yako. Nilikusikia kwenye simu, nikasema samaki akipona utabaki. Nilitaka kukufunga kamba kwa samaki, na ubaya wake nimeuona. Ukitaka kwenda Unguja, nenda. Nitakulilia lakini nenda. Mie nitawaangalia hawa kwa kadiri utakavyonifunza."

Widad aliinua uso. Alitaka kusema neno, akashituka, akatazama mikononi mwake.

"Kanishika," alisema.

Sheha alikuwa amejibandika kwenye kiganja chake, mdomo wote, kama kawaida yake kwenye kioo. Jicho moja dogo lilikuwa linawaangalia.

Widad alianza kucheka huku analia, na alipomaliza kucheka alianza kusema, na alisema kweli. Alimwambia Maryamu kwamba hana akili hata kidogo. Kwamba mtu mzima anayelamba miti hafai kuachiwa nyumba. Kwamba tangu azaliwe hajaona mtu anayewatia samaki viungo wangali hai. Kwamba zulia lile ni la bibi yake mzaa baba na sasa linanuka kinamasi, na pweza kaungua, na pweza wake hata asipoungua huwa mgumu kama ndala, mwaka mzima watu wanameza tu kwa kuona haya. Maryamu alikaa sakafuni, kanga imelowa, ulimi bado nusu umekufa, akasikiliza neno kwa neno. Hakuwahi kuwa na raha kama ile tangu aingie Madungu.

"Mwaka mzima mwala pweza mgumu na mwasema ahsante?" aliuliza.

"Tungesemaje?"

"Mngesema ni mgumu!"

Suhail aliporudi kutoka kazini alikuta ukumbi umejaa ndoo, mkewe na bintiye wanakula chapati kavu kwenye sinia moja, na makelele. Aliogopa, akauliza kuna nini. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu.

Mti ulitolewa nje, kwenye jua na mvua, na Widad alitoa amri kwamba utarowekwa upya, utachemshwa upya kwenye kitu ambacho hakijapata kuonana na karafuu, na atakayeunusa kabla haujaingia majini ni yeye. Kwa muda huo Sheha alikatiwa vipande vya tango, akavila kwa uvivu.

Ikawa kabla ya shule kufungwa, asubuhi moja ya Ijumaa. Maryamu alikuwa anapita na ndoo ya maji ya tangi, na Widad alikuwa amesimama dirishani, simu sikioni. Hakugeuka. Hakushusha sauti.

"Siji, mama mdogo," alikuwa anasema. "Hapana, Sheha mzima. Si habari ya samaki tena. Huyu wetu, ukimwacha peke yake wiki moja tu, hujui utarudi ukute kapika nini na katia nini."

Maryamu aliweka ndoo chini. Alisimama pale ukumbini, mkono kwenye mpini, mpaka Widad alipomaliza simu akageuka na kumuuliza kama maji yale anangoja yapate akili yaingie yenyewe.

"Nakuja," alisema Maryamu. Akainua ndoo.